Wosia, wakili na maneno ya mazishini: dhana potofu na ukweli wa sheria ya Kenya

Ukitaka kusikia sheria ambazo hakuna bunge lililowahi kuzipitisha, kaa na watu waliotoka mazishini. Mmoja atasema wosia bila muhuri wa wakili ni karatasi ya kufungia maandazi. Mwingine atauliza wosia wa nini, kwani marehemu si alimwandika mdogo wake benki? Wa tatu, kwa kawaida yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, ataeleza kwamba binti aliyeolewa hana chake hapo.

Kwa Kenya, mambo haya yamo katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Msimamo wangu nautaja mapema: kuandika wosia ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, na kinachokulazimu kumlipa wakili si wingi wa mali yako bali msukosuko wa familia yako. Mwenye maghorofa matatu, mke mmoja na watoto wanaoelewana anaweza kuhitaji ushauri mdogo kuliko mwenye ekari moja na nyumba mbili zisizosalimiana.

"Wosia usioandikwa na wakili haufai mahakamani"

Si kweli. Sheria inamtaka anayeandika awe mtu mzima mwenye akili timamu. Wosia wa maandishi utiwe sahihi na mwenyewe, au aweke alama yake, kwa mfano dole gumba. Akishindwa, mtu mwingine anaweza kumtilia sahihi mbele yake na kwa agizo lake. Kisha wapatikane mashahidi wawili au zaidi waliomwona akitia sahihi, au waliosikia kwake kwamba sahihi ile ni yake, nao watie zao mbele yake. Muhuri hautakiwi. Stempu haitakiwi, wala kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Hakuna fomu maalumu, na ile inayouzwa saiba haina nguvu kuliko karatasi ya daftari iliyojazwa vizuri.

Kosa linaloharibu wosia mwingi wa nyumbani haliko kwenye lugha. Liko kwa mashahidi. Baba anaandika, halafu anamwita mke wake na kifungua mimba wake washuhudie, kwa kuwa hao ndio anaowaamini. Tatizo ni kwamba hao hao ndio aliowaachia nyumba na shamba. Kifungu cha 13 kinasema alichoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, hakina nguvu isipokuwa wosia umeshuhudiwa pia na watu wengine wawili wasio na maslahi ndani yake. Wosia wenyewe hauanguki. Kinachoanguka ni fungu la wale aliowaamini zaidi, na wataligundua hilo yeye akiwa hayupo kurekebisha.

Kwa hiyo tafuta jirani, mwalimu, mzee wa kanisa, mtu yeyote mwenye akili zake ambaye hukumwachia hata kijiko. Ningependekeza awe mdogo kwako kwa umri, maana huenda siku moja akaitwa kueleza alichokiona. Hahitaji kusoma yaliyomo. Anashuhudia sahihi, si siri zako. Sheria haidai mashahidi wawe pamoja kwa wakati mmoja, lakini waweke chumba kimoja tu, ili usimpe mtu nafasi ya kuuliza nani alikuwa wapi. Yule uliyemteua kusimamia wosia anaruhusiwa kuwa shahidi.

"Mali ni yangu, nitamnyima nimtakaye"

Kuandika hivyo unaruhusiwa. Kusimama kwa maandishi hayo ni habari nyingine. Kifungu cha 26 kinaipa mahakama uwezo wa kumtengea fungu la kutosha mtegemezi aliyeachwa mikono mitupu au aliyepewa kidogo mno. Mtegemezi ni nani? Mke au wake, na watoto wako, uwe ulikuwa unawatunza au hapana. Mtoto wa nje ya ndoa uliyemkubali kuwa wako yumo. Binti aliyeolewa yumo. Sheria haiulizi kama ana mume. Wazazi, wajukuu na ndugu nao wanaweza kuingia ikiwa ulikuwa ukiwatunza kabla ya kufa.

Kuna kifungu kidogo ambacho wanaume wengi wangefanya vyema kukisoma wakiwa bado hai: cha 3(5). Mwanamke aliyeolewa kwa utaratibu unaoruhusu wake wengi, tuseme kimila, anahesabiwa mke kwa ajili ya mirathi hata kama mume alikuwa na ndoa ya kanisani kabla yake. Ndiyo maana ile familia inayojitokeza siku ya mazishi na watoto wenye sura ya marehemu haifukuziki kwa kuonyeshwa cheti cha ndoa cha bi mkubwa.

Mahakama ikiombwa fungu huangalia mengi: ukubwa wa mali, mahitaji ya mwombaji, kama ulishamgawia kitu ukiwa hai, mwenendo wake kwako, na sababu zako za kumwacha nje. Hilo la mwisho lina faida kubwa. Ukiandika kwamba mwanao wa pili ulishamkatia kiwanja na kumlipia masomo, ndiyo sababu hukumwongezea, umeacha maelezo ambayo hakimu anaweza kuyapima. Ukimruka kimya kimya, kila mtu atajaza pengo hilo kwa maneno yake.

Hapa ndipo pesa ya wakili inapofanya kazi. Anajua kuuliza maswali yanayoudhi na kuyapanga majibu yake. Ila umwambie kweli. Wakili ambaye hakuambiwa kuhusu mtoto wa Nakuru atakuandikia wosia mzuri sana utakaopingwa na mtoto wa Nakuru.

"Niliyemwandika benki kuwa jamaa wa karibu ndiye mrithi"

Pengine hili ndilo linalozua ugomvi mwingi zaidi, kwa sababu kila aliyewahi kujaza fomu ya benki anaamini ameshagawa mali. Jamaa wa karibu kwenye fomu ya akaunti ni mtu wa kutafutwa ukipatwa na jambo. Pesa zenyewe zinaingia katika mirathi, na benki itataka kibali cha mahakama kabla ya kuzitoa.

Mafao ya uzeeni yana njia yake. Chini ya Sheria ya Mafao ya Uzeeni, mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko, wakizingatia fomu ya wanufaika uliyoijaza. Maana yake ni kwamba unaweza kuandika kwenye wosia kuwa mafao yapewe mama yako, na mama asione hata senti. Ukitaka kubadilisha, badilisha fomu ile. Watu wengi waliijaza walipoajiriwa, wakiwa hawajaoa wala kuolewa, na hawajaigusa tena.

Ardhi nayo ina mtego. Ikiwa hati inaonyesha wewe na mwenzako ni wamiliki wa pamoja, ukifa jina lako linafutwa na ardhi yote inabaki kwake; huna cha kuandika kwenye wosia. Ikiwa mnamiliki kwa mafungu, fungu lako ni lako na unaweza kumwachia umtakaye. Soma hati kabla ya kugawa.

"Tulishayasema mbele ya wazee"

Wosia wa mdomo unatambuliwa, jambo linalowashangaza wengi. Lakini masharti yake ni makali: usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki ndani ya miezi mitatu tangu aliposema. Askari walio vitani na mabaharia walio safarini wamepewa nafuu. Mzee aliyewaita wanawe Krismasi na kuwaonyesha mipaka ya shamba, kisha akaishi miaka mingine minane, hakuacha wosia wa mdomo kwa macho ya sheria. Na kama upo wosia wa maandishi ambao haujafutwa, wa mdomo hauwezi kuupinga, hata ukisemwa baadaye.

Kuhusu mahali pa kuzikwa, wosia una nguvu ndogo kuliko watu wanavyotumaini. Wakenya wa rika fulani wanaikumbuka kesi ya S. M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alisema marehemu alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukadai mwili urudi Siaya. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Mwili si mali ya kugawa kama gari. Andika matakwa yako ya mazishi, ndiyo, lakini yazungumze na watu wako ungali hai, maana wosia mara nyingi hufunguliwa watu wameshakula pilau ya matanga.

"Mimi Mwislamu, wosia haunihusu"

Ni kweli kwamba Sura ya 160 inaiacha mirathi ya Mwislamu ifuate sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inatambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba. Lakini kutoka hapo hadi kusema wosia hauna kazi ni kuruka mbali. Baada ya gharama za mazishi na madeni, Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake. Hadithi ya Sa'd bin Abi Waqqas inajulikana: aliambiwa theluthi, na theluthi ni nyingi. Wanazuoni wa Kisunni hawaruhusu kumuusia mrithi ambaye tayari ana fungu lake, mpaka warithi wengine waridhie.

Thamani ya theluthi hiyo iko kwa wale ambao mafungu hayawafikii: mtoto wa kulea, mjukuu aliyefiwa na baba na ambaye amezuiwa na ami zake, mke au jamaa asiye Mwislamu, msikiti wa mtaani. Hao usipowataja, hawapati. Na kwa mtu mwenye mke Mkristo na mali iliyoko Mombasa na Nairobi, mimi singeandika bila kuonana na mtu anayezijua sheria zote mbili. Si kadhi peke yake, si wakili peke yake.

Madogo madogo

Mke anahitaji idhini ya mume kuandika wosia? Hapana, sheria inasema wazi kwamba mwanamke, ameolewa au hajaolewa, ana uwezo sawa na mwanamume. Wosia ukishaandikwa haubadiliki? Unabadilika siku zote za uhai wako. Ila usiukate kwa kalamu na kuandika pembeni; marekebisho yanataka sahihi na mashahidi kama wosia wenyewe. Ukioa au kuolewa, wosia wa zamani unafutika isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo na mtu huyo. Wengi hawalijui hili, wakiwemo waliofunga ndoa ya pili uzeeni.

"Tukiwa na wosia hatutaiona mahakama"

Mtaiona. Msimamizi uliyemteua lazima aombe ithibati ya wosia, yaani kibali cha mahakama cha kusimamia mali kwa kufuata wosia huo, na kwa kawaida ithibati huidhinishwa miezi sita baada ya kutolewa. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 20; zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Anayeuza ng'ombe wa marehemu au kukodisha shamba kabla ya kibali anatenda kosa chini ya kifungu cha 45, na anaweza kutozwa hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wosia unachofanya ni kuondoa mabishano ya nani asimamie na nani apate nini.

"Wakili ni wa matajiri"

Watu huchanganya ada mbili. Kuandikiwa wosia ni kazi ya saa chache. Kushindana mahakamani kwa sababu wosia ulikuwa mbovu ni kazi ya miaka, na ndiyo inayouza mashamba. Ningemtafuta wakili kama nina wake zaidi ya mmoja, mtoto ambaye nyumbani hawamjui, biashara ya ubia, ardhi ambayo hati yake bado ina jina la babu, mali nje ya nchi, mtoto mlemavu atakayehitaji kutunzwa maisha yake yote, au mtu ninayekusudia kumwacha nje. Bila hayo, karatasi safi na mashahidi wawili wasionufaika vinatosha, labda umlipe wakili akupitie tu ulichoandika.

Kabla ya kulipa, hakikisha jina lake limo kwa Chama cha Mawakili cha Kenya na kwamba ana cheti cha mwaka huu. Wale wanaokudaka kwenye ngazi za mahakama wakijiita mawakili si wote mawakili. Elewaneni ada kabla ya kuanza, kwa maandishi. Asiye na uwezo anaweza kujaribu mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria na FIDA, chama cha mawakili wanawake, au huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Na ukishatia sahihi, mwambie msimamizi wako nakala halisi iko wapi, kwa sababu fotokopi iliyo kwenye droo itazua kesi yake yenyewe.