Unadaiwa na Nani? Uanafunzi Unapofika kwenye Mizani na Mishahara

Katika madarasa ya uanafunzi ninayofundisha usharikani, mtu akishamaliza vitabu vyote vya mafundisho huwa simuulizi anaomba saa ngapi wala amesoma sura ngapi. Namuuliza: unadaiwa na nani? Wengi hucheka, wakidhani nazungumzia mikopo ya simu. Hiyo nayo imo. Ila namaanisha zaidi chenji iliyozidi ukanyamaza, kitambaa cha mteja kilichobaki kwenye cherehani, mshahara wa dada wa kazi uliopita mwezi, na yule ndugu uliyemchafua kwenye kikao cha ukoo ambaye mpaka leo hujarudi kumsafisha.

Miaka ninayofanya kazi hii imenipa msimamo mmoja. Mtu anaweza kuongezewa masomo mpaka akawa mwalimu wa wengine, na tabia yake ikabaki palepale. Tabia hubadilika pale mambo ya wiki yanaposemwa waziwazi mbele ya watu wachache wanaomjua, na kilichoharibika kikatengenezwa. Wazee wa Uamsho, lile vuguvugu la toba lililopita makanisani Afrika Mashariki, walilijua hilo kuliko sisi wenye semina na projekta.

Uamsho wa Afrika Mashariki una mizizi yake Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni karibu na Ziwa Muhazi. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa njaa kali. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wawili hao wakakaa na Biblia, wakaomba pamoja. Tukumbuke wakati wenyewe ulikuwa wa ukoloni: Mzungu na Mwafrika wanakaa chini kama ndugu, kila mmoja akikiri upungufu wake. Kutoka hapo moto ukaenda Gahini, na Kigezi na Buganda huko Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, na mwishoni mwa muongo huo ukaingia Tanganyika kupitia upande wa Katoke na Bukoba. Waganda waliwaita watu hao balokole, nasi tukachukua: walokole.

Siku hizi ukisema mlokole, watu wanafikiria mavazi na kelele za usiku. Ila majirani wa wakati ule waliona jambo jingine: vitu vilianza kurudi. Mtumishi alirudisha vya mwajiri wake, mwenye ng'ombe wa watu akamrudisha, karani akaenda kwa mkubwa wake kusema alichokula. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi na aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alipookoka alipanda baiskeli akaenda kumwomba radhi Mzungu aliyekuwa akimchukia. Mzungu mwenyewe hakuwa na habari kwamba anachukiwa.

Jambo hili lina msingi wake katika Maandiko. Torati, katika Walawi 6, inamtaka aliyedhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alivuka hapo: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Yesu hakumwagiza kufanya hivyo. Wokovu ulikuwa umeshaingia nyumbani, na fedha zikaanza kutoka.

Nikueleze ilivyokuwa kwa ndugu mmoja, mnunuzi wa viazi kutoka Nyanda za Juu Kusini, aliyekuwa kwenye kikundi chetu. Wanaolima wanaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu linaongezewa kofia ya wavu inayoshonwa kwa kamba, na viazi vinaendelea kuingia. Sheria ya vipimo Tanzania haitaki mzigo wa mazao uzidi kilo 100, lakini shambani mkulima analipwa kwa "gunia", na gunia ni lile alilokuja nalo mnunuzi. Huyu ndugu alikuwa mzee wa kanisa, mtoaji mzuri wa fungu la kumi. Jioni moja tulikuwa tunasoma Mithali 11: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Akasema, kama anayejitetea, kwamba biashara yote ya viazi iko hivyo, na mkulima anajua. Hakuna aliyemjibu. Wiki iliyofuata alikuja na daftari lake la manunuzi.

Tulichofanya kilikuwa hesabu tu. Tulikadiria kilo zilizozidi kwa kila gunia, tukazidisha kwa bei ya msimu ule, majina ya wakulima yakawekwa alama. Aliokuwa na namba zao za simu aliwatumia fedha baada ya kuwapigia na kueleza ni za nini. Mmoja alidhani ni matapeli, akakata simu. Wengine aliwafuata kijijini kupitia mwenyekiti wa kitongoji. Sasa hivi ananunua kwa mizani ya kuning'iniza. Faida imepungua, na wapo wakulima wanaomkimbia na kuuza kwa wenzake wa lumbesa kwa sababu wale wanalipa taslimu palepale shambani na yeye mtaji wake ni mdogo. Sitaki kudanganya kwamba Mungu alimrudishia mara saba. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba mke wake anasema nyumbani amekuwa mtu wa kusemeka naye.

Hapo ndipo watu huniuliza: kwani lazima kikundi? Si mtu anaweza kutubu chumbani kwake? Anaweza, na Mungu anasikia. Lakini chumbani hakuna wa kukuuliza Alhamisi ijayo umefikia wapi. Hata Wamethodisti walilifikia jambo hili kwa njia ya fedha. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, jumuiya ya John Wesley, mwanzilishi wao, ilikuwa na deni la jengo. Ikakubaliwa kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na kila kiongozi akusanye kwa watu wapatao kumi na mmoja. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba kuchukua peni, wakawakuta baadhi ya waumini walevi, wengine wakigombana na wake zao. Wesley akaona kwamba mkusanyaji wa michango ndiye mchungaji aliyekuwa akimtafuta. Kwetu tunazo jumuiya tayari, za Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki, zinakutana kila wiki sebuleni kwa watu. Shida ni kwamba nyingi zimekuwa mahali pa kuimba, kusoma somo lililopangwa na kukusanya ahadi. Wakusanyaji tunao. Swali ndilo hatuna.

Kikundi ninachokipendekeza ni cha watu wanne hadi sita, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kikae saa moja. Tunaulizana juu ya fedha, ulimi na nyumba, basi. Maombi yatafuata yenyewe. Yanayosemwa hayaendi kwenye grupu la WhatsApp, wala kwa mchungaji, wala kwa mke wa mchungaji.

Tusiupambe Uamsho hata hivyo. Toba ya hadharani ilifika mahali ikawa maonyesho, na aliyekuwa na dhambi kubwa ya kusimulia alisikilizwa kuliko aliyeishi kwa utulivu. Wapo waliotubu dhambi za wenzao kwa kuwataja majina. Kipimo changu ni hiki: ungamo liende mpaka pale madhara yalipofika, lisizidi. Uliyemsengenya mbele ya watu watano, wasafishie jina lake hao watano. Uliyemtamani moyoni naye hajui, usimpelekee mzigo huo.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, nchi ileile ya Gahini iliangamia kwa mauaji ya kimbari, na waliobatizwa walikuwemo miongoni mwa wauaji na miongoni mwa waliouawa. Walikuwepo pia Wakristo waliokufa kwa kukataa kutenganishwa, Wahutu huku na Watutsi kule. Naona nuru ile ilimulika sana pombe, uzinzi na wizi, na kwa miaka mingi haikumulika vya kutosha namna Wahutu na Watutsi walivyotazamana. Kwa hiyo katika swali la ulimi, siku hizi nauliza pia: wiki hii umelisemaje kabila jingine, au watu wa dini nyingine? Kipindi cha uchaguzi swali hilo ndilo refu kuliko yote.

Nimalizie na mambo mawili ya utendaji, maana ndiyo yanayorudi kila semina.

Ukimkosa anayekudai haki yake, Hesabu 5 inatoa njia: asipokuwa na jamaa wa kupokea, malipo yanakwenda kwa Bwana mikononi mwa kuhani. Kwa hiyo tafuta kwanza mtu mwenyewe, kisha watoto wake, ndipo uwaze mfuko wa wahitaji. Usianzie kwenye kapu la sadaka kwa sababu ni karibu na hakuna aibu. Na kama ni dada wa kazi uliyemcheleweshea mshahara, Yakobo 5:4, inayosema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, inakuhusu moja kwa moja. Mlipe leo, kabla hujaleta ushuhuda wa deni la zamani.

La pili ni kuhusu mateso ya nyumbani. Mwanamke anayepigwa hapaswi kuambiwa kikundi kitamwombea mume wake alainike moyo. Mume akiungama kikundini kwamba anapiga, hilo ni kosa la jinai, na njia yake inapita kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Tunaiambia hivyo kila familia tangu kikao cha kwanza, ili siku likitokea asiwepo wa kusema usiri wa kikundi umevunjwa.