Boti la mpira katika Korongo la Batoka: mwamba ndio wenye neno

Wengi wanaofika Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hutazama moshi wa maji tu. Anayetaka kuushuka Zambezi kwa boti la mpira autazame pia ukuta mweusi wa Batoka, korongo ambamo mto hupita baada ya maporomoko, maana ukali wa mto umeanzia humo.

Ukuta huo ni basalti, lava iliyomwagika tabaka juu ya tabaka takriban miaka milioni 180 iliyopita. Usitafute mlima wa volkeno, haupo. Lava ilipanda kupitia nyufa za ardhi. Katikati ya kila tabaka mwamba ni mgumu sana, ila juu umejaa matundu ya mapovu ya gesi, na hapo hulika upesi. Tena kuna nyufa kubwa za mashariki hadi magharibi zilizojaa mashapo laini. Mto uliyachimba hayo, maporomoko yakawa yanarudi nyuma ufa hadi ufa, ndiyo maana makorongo ya mwanzo yanapinda huku na huku.

Kwa boti, maana yake ni mteremko mkali, kisha kidimbwi kirefu kilichotulia. Maji yakibanwa na kuta hujirundika na kuinua wimbi linaloangukia upande yalikotoka, na hilo ndilo linalopindua boti. Mikondo kadhaa, yaani miteremko hiyo ya maji makali, ni ya daraja la 5, katika kipimo cha kimataifa kinachoishia 6. Hata hivyo, anayeanguka mara nyingi hukuta maji ya kina, si mawe yaliyochomoza, na maji humtema kidimbwini. Mto mdogo wenye mawe mengi unaweza kumdhuru zaidi: mguu ukinasa, maji humlaza kifudifudi. Kwa hiyo, popote uangukapo, usisimame. Lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji.

Swali la kwanza kwa kampuni ya boti lisiwe bei. Uliza maji ya leo yakoje. Mto hujaa zaidi karibu na Aprili na kupungua kabisa Oktoba na Novemba. Maji yakipungua ndipo mikondo ya juu, iliyo karibu na maporomoko, huonyesha makali yake. Yakijaa, baadhi yake hufunikwa na vizingia vikubwa, yaani maji yanayozunguka kwa nguvu, huzuka, hivyo safari huanzia chini zaidi au husitishwa. Mkondo wa tisa, ukihesabu kutoka maporomokoni, abiria huupita kwa miguu, juu ya mawe ya kando. Mwongozaji akikwambia mwupite pamoja ndani ya boti, mwache aende peke yake.

Mwisho kuna kupanda kutoka korongoni, zaidi ya mita 100 kwenda juu, mwamba ukiwa umeshika joto la jua. Malapa hayafai, vaa viatu vinavyofungwa. Mwenye moyo mbovu au pumu aseme kabla hajavaa jaketi okozi, kwa sababu huko chini njia za kutokea ni chache.