Je, wajua kwa nini figo za mtoto huumia wakati korona imeshapita?

Mwishoni mwa Aprili 2020, madaktari wa Uingereza walitahadharishwa juu ya watoto waliokuwa wazima, sasa wanaletwa na homa isiyoshuka, macho mekundu, vipele, tumbo linauma na presha iko chini mno. Wengi walipopimwa korona hawakuonekana nayo, ila damu yao ilionyesha waliwahi kuipata. Ugonjwa huu huitwa MIS-C: ni mcharuko wa mwili mzima, yaani kinga ya mwili inawaka kupita kiasi na kuumiza viungo, unaozuka wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, hata kama mtoto aliugua kidogo tu.

Figo zinaingiaje hapo? Mara nyingi hazishambuliwi na kirusi, zinakosa damu. Kinga ya mwili ikishapandwa na hasira, mishipa hulegea na kuvujisha maji, nao moyo unachoka kusukuma. Mtoto naye anatapika na kuhara. Figo, kwa udogo wake wote, hupokea karibu sehemu moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo, kwa hiyo upungufu zinauhisi mapema.

Dalili yenyewe ni ya kimyakimya: mkojo. Mtoto wa kilo 20 akitoa chini ya mililita 10 kwa saa, yaani vijiko viwili vya chai, kwa saa sita mfululizo, figo zimeshaanza kulemewa. Mama anayejua nepi imekaa kavu tangu asubuhi ana habari ambayo daktari anaihitaji sana, na aitaje bila kungoja kuulizwa.

Maabara hupima kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Mtoto ana misuli michache, hivyo kiwango ambacho kwa mtu mzima ni cha kawaida, kwake kinaweza kuwa tayari ni hatari. Majibu yasomwe kwa umri wake.

Na tafadhali, mtoto mwenye homa anayetapika na hakojoi vizuri asipewe ibuprofeni wala diklofenaki za dukani. Dawa hizi huibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo wakati ule ule inapojitahidi kubaki wazi.

Hospitalini hupewa steroidi na imunoglobulini (kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji) kutuliza mcharuko, na dripu kwa kipimo, maana moyo dhaifu ukizidishiwa maji, mapafu hujaa. Wachache huhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Wengi figo zao hurudi sawa, ila presha na mkojo huendelea kupimwa kliniki hata baada ya mtoto kurudi kucheza.