Vitabu vya watoto kutolewa maktaba huku Texas: yanayosemwa na yaliyotokea

Grupu letu la wamama wa hapa Texas halijapoa tangu wiki iliyopita. Dada mmoja alirusha picha ya orodha ya vitabu vya watoto akaandika wamama tuamke, tuandike barua vitolewe maktaba, na kabla ya mchana meseji zilishapita mia, wengine amina, wengine wanauliza ndo vitabu gani hivyo, na mimi ambaye wanangu wawili wamejifunza kusoma Kiingereza wakiwa wamekaa kwenye zulia la maktaba ya bure, hili siwezi kulinyamazia. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana pale grupuni na kila moja nimeweka kilichotokea kweli. Nitaongelea zaidi kaunti ya Llano, iko huku huku Texas kaskazini magharibi ya Austin, watu kama elfu 21 na maktaba tatu ndogo, kwa sababu vitabu vilipotolewa maktaba zao wakazi waliishitaki kaunti, na kesi hiyo ndo imetugusa wote.

"Hivyo vitabu vyote ni vya ngono"

Hili ndo kubwa kuliko yote. Llano mwaka 2021 walitoa vitabu 17, na saba kati ya hivyo ni vya kuchekesha watoto wadogo, vya matako na mashuzi, kuna mtoto tako lake limepasuka anatafuta jipya, kuna mtu wa theluji anayejamba, basi. Kingine ni historia ya Ku Klux Klan, lile kundi la weupe lililokuwa likiwatesa na kuwaua weusi, iliyoandikwa kwa ajili ya vijana. Kingine ni Caste cha Isabel Wilkerson, ambacho hata si cha watoto, ni cha watu wazima kuhusu ubaguzi wa rangi Marekani. Vipo vya vijana waliobadili jinsia, vipo vya mabinti wanaopitia balehe na mapenzi ya kwanza, na kipo It's Perfectly Normal cha Robie Harris, cha kufundisha mambo ya mwili kwa watoto wa kuanzia miaka 10, kina michoro ya watu uchi, hilo silifichi, na mzazi akisema mwanangu hajafikia hapo namuelewa kabisa. Ila hicho kimoja kimetumika kuvifunika vingine vyote, mtu anatuma picha ya ukurasa mmoja halafu anasema na vile 16 ndo hivyo hivyo.

Kwenye hiyo orodha kuna In the Night Kitchen cha Maurice Sendak, cha mwaka 1970. Nilienda kukiazima nikakisoma na wa mwisho wangu ana miaka mitano. Mtoto anaitwa Mickey, usiku anasikia kelele, anaporomoka gizani, nguo zinamvuka, anadondokea kwenye bakuli kubwa la unga, na wapishi watatu wanene wanamkoroga humo wakidhani ni maziwa. Anaonekana uchi kama watoto wa miaka mitatu wanavyokimbia nyumbani wakitoka kuoga. Mwanangu alichouliza ni kama keki ilikuwa tamu. Na nimekuja kujua kwamba miaka hiyo ya sabini kuna wakutubi walikuwa wanachukua rangi wanamchorea Mickey nepi kila ukurasa kabla ya kukiweka kwenye shelfu, yaani ugomvi wa kitabu hiki ni mkubwa kwa umri kuliko mimi.

"Wanaolalamika ni wazazi wenzetu, tuwasapoti"

Wapo wazazi, ndiyo, lakini ni wachache kuliko tunavyodhani. Chama cha Maktaba cha Marekani kinahesabu kila mwaka majaribio ya kutaka vitabu vitolewe, na 2024 kilihesabu 821 kwa nchi nzima, humo wazazi walikuwa asilimia 16 tu, na asilimia 72 yalitoka kwa vikundi vya shinikizo pamoja na wanasiasa, wajumbe wa bodi na viongozi wengine. Ndo maana orodha zinafanana kutoka mji hadi mji. Huku kwetu Oktoba 2021 mbunge mmoja wa jimbo alizitumia shule orodha ya vitabu kama 850, kurasa 16, akitaka kujua wanavyo vingapi, na orodha ile ile ikatembea mpaka kwenye maktaba za umma ambazo hazikuwa hata zimeulizwa. Kwa hiyo dada yangu ukitumiwa picha ya orodha, uliza kwanza imetoka wapi, maana mara nyingi aliyeiandika hajawahi kukanyaga maktaba yenu.

"Walikuwa wanapalilia tu"

Kaunti ya Llano ilijitetea hivyo mahakamani. Na ni kweli kupalilia kupo, kila maktaba inapunguza vitabu kila mwaka, bila hivyo shelfu zinajaa. Mwongozo wenyewe wa kupalilia unaotumika sana umezaliwa hapa hapa Texas: unaangalia kama kitabu kina habari zilizopitwa, kimechakaa, kimetoka toleo jipya, hakiazimwi na mtu, au kinapatikana kirahisi kwingine. Kitabu cha tiba cha 1985 kitoke, sawa kabisa. Lakini Llano kwanza yalikuja malalamiko ya watu kuhusu vitabu fulani, ndo baadaye vitabu hivyo hivyo vikapaliliwa, na jaji wa kwanza aliyeisikiliza kesi, Machi 2023, hakuikubali hiyo hadithi, akaamuru virudi.

"Kitabu kipo Amazon, kwa hiyo hakuna aliyezuiwa kitu"

Hapo kuna nusu ya kweli. Hakuna polisi atakayekuja kukukamata na kitabu, na kilichotolewa Llano unaweza kukikuta Dallas wala hawana habari. Kwa maana hiyo wale wanaosema Marekani imepiga marufuku vitabu wanatia chumvi. Ila jamani sisi tunajua maana ya kununua. Kitabu cha mtoto chenye jalada gumu ni dola 18 au 19, na sisi tuliokuja na watoto watatu wanne, wengine toka kambini Kigoma, wengine toka Nairobi, mwaka wa kwanza hiyo hela inaenda kwenye maziwa. Kadi ya maktaba ndo kitu cha kwanza mwanangu kupewa Marekani chenye jina lake bila kuulizwa makaratasi mengine. Kwa mtoto wa namna hiyo kitabu kisichopo kwenye shelfu hakipo duniani.

Halafu Llano baada ya kushitakiwa kopi za vile vitabu zilikuwepo tena, lakini zikawekwa nyuma ya kaunta, hazimo kwenye katalogi, mpaka ujue kipo ndo ukiombe. Sasa mtoto wa miaka saba ataombaje kitabu asichojua kama kipo?

"Haya mambo yameanza juzi"

Hapana. Mwaka 1958 Garth Williams alitoa kitabu cha picha cha sungura wawili wanaopendana na kuoana porini, mmoja mweupe mmoja mweusi. Alabama, 1959, wale waliotaka weupe na weusi wasichangamane wakasema kinafundisha watoto ndoa za mchanganyiko. Mkuu wa huduma za maktaba za jimbo, Emily Reed, alihojiwa na wanasiasa, kitabu kikahamishiwa shelfu ya akiba kikawa kinatolewa kwa maktaba inayokiomba tu. Sungura, jamani! Nawaambia sana hili wamama wenzangu kwa sababu sisi ni weusi, na safari ile waliokuwa wanalindwa "wasiharibiwe" ni watoto weupe, wasichanganyike na wanetu.

"Tukikiondoa kitasahaulika"

Wichita Falls, Texas hii hii, 1998. Mchungaji wa Baptist alishika vitabu viwili vya watoto vya maktaba vinavyoonyesha familia za wazazi wa jinsia moja, kimojawapo Heather Has Two Mommies cha Lesléa Newman, akagoma kuvirudisha, akalipa bei yake. Kilichotokea ni kwamba watu ambao hawakuwa wamewahi kuvisikia wakaanza kuviulizia, na wengine wakaja na kopi mpya kuichangia maktaba. Halmashauri ya mji 1999 ikaja na utaratibu kwamba wenye kadi 300 wakisaini, kitabu cha watoto kinahamishiwa kwa watu wazima, vikahamishwa kweli, na mwaka 2000 jaji akaufuta ule utaratibu kwa sababu ulikuwa unawapa watu 300 nguvu ya kuamua kwa niaba ya mji mzima. Mimi na imani yangu kuna vitabu sitamsomea mwanangu, na hakuna mkutubi aliyewahi kunilazimisha, nakirudisha tu kwenye shelfu. Lakini mama wa jirani ana watoto wake na ana kadi yake.

"Hata vikitolewa mahakama itavirudisha"

Wanaokaa upande wangu ndo wanalisema hili, na kwetu limeshapitwa. Ilikuwa kweli mwaka 2000 na ilikuwa kweli Machi 2023. Mei 2025 mahakama ya rufaa inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi iliamua, majaji 10 kwa 7, kwamba mwananchi hana haki ya kikatiba ya kuilazimisha maktaba ibaki na kitabu fulani, na Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Kwa majimbo haya matatu mlango wa kwenda kwa jaji kusema nirudishieni kitabu changu umefungwa.

Kilichobaki ni vikao vya kaunti. Vinafanyika asubuhi siku za kazi, na wengi wetu tuko zamu, najua, lakini mkazi anaruhusiwa kusimama akaongea dakika zake chache. Aprili 2023, baada ya kuamriwa virudishwe, makamishna wa Llano, yaani viongozi wanaoiendesha kaunti, waliitisha kikao cha kuamua kama wafunge maktaba zote tatu kuliko kuvirudisha. Watu walijaa, wakazi wakasimama mmoja mmoja wakaongea, na mwisho makamishna wakaamua maktaba zibaki wazi. Tarehe za vikao vya kaunti yetu nimeshazituma grupuni, anayetaka twende pamoja gari langu lina nafasi nne.