Eksirei haipiti tu

Juzi jioni, mwaloni Kirumba, tunasubiri sato waparwe, mwalimu mwenzangu akaniuliza swali nililochoka kulisikia: "Kaka, eksirei si inapita kila kitu? Sasa gesi nyembamba iliyo kati ya nyota itaipashaje joto?"

Haipiti kila kitu. Ingepita, picha ya hospitali ingetoka nyeusi tupu. Mfupa unaonekana mweupe kwa sababu kalisi yake imeinasa. Angani pia, fotoni (chembe ya nuru) ya eksirei yenye elektronivolti 1,000, kipimo cha nguvu yake, hunaswa zaidi na oksijeni na wenzake wazito, ingawa ni wachache mno kando ya haidrojeni. Na wembamba hufidiwa na kina: kwenye atomi 1,000 kwa sentimita ya ujazo, fotoni hiyo husafiri kama miaka 4 ya nuru tu. Mawingu makubwa yana upana wa makumi.

Kinachonikera hasa ni hesabu kwamba fotoni moja hung'oa elektroni ya atomi moja, basi. Chukua haidrojeni kwa mfano: kung'oa elektroni yake kunataka elektronivolti 13.6. Zile 980 na zaidi zinazobaki zimekwenda wapi? Elektroni imeondoka nazo! Inakimbia ikigonga majirani, na katika gesi baridi itang'oa nyingine zaidi ya 20 kabla haijachoka. Kazi kubwa ya kuionisha, yaani kung'oa elektroni, ni yake. Joto, katika gesi hiyo baridi, hupata mgawo mdogo. Lakini palipokwisha kujaa elektroni huru, ile ya kasi huwagawia hao nguvu yake, karibu yote ikawa joto. Wengi hulielewa hili kinyume.

Urujuanimno, nuru yenye nguvu kidogo kuliko eksirei, huacha mpaka mkali kati ya gesi iliyoionishwa na isiyoionishwa. Eksirei hufifia polepole, kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku wa ukungu. Huwezi kuonyesha mwanga umeishia wapi.

Shaka yangu iko kwenye muda. Gesi ya ioni (atomi iliyopoteza elektroni) moja kwa sentimita ya ujazo huchukua kama miaka 100,000 kurudisha elektroni zake, na chanzo cha eksirei hubadilika mara nyingi humo. Mawimbi ya mshtuko nayo hupasha. Nikisema "chanzo hiki kimepasha wingu hili," nimechagua historia moja kati ya kadhaa.

Ndiyo maana naithamini LMC X-1, shimo jeusi lenye nyota mwenza, linalotoa eksirei. Pembeni ya shimo hilo jeusi kuna heliamu iliyopoteza elektroni zote mbili. Ya pili hudai elektronivolti 54.4, na nyota mwenza, hata kwa ukali wake, haitoshi kuzilipa. Usiku wa manane mwishoni mwa Desemba, ukiwa Mwanza, lipe ziwa mgongo utazame kusini, chini karibu na vilima: ule ukungu hafifu ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu. Imo humo.