TV ya Dijitali Si Lazima Uilipie Kila Mwezi

Shangazi yangu wa Kayole amelipia king'amuzi kila mwezi kwa miaka, ilhali vituo anavyotazama ni vitatu tu: Citizen, KTN na NTV. Mwezi ambao kodi ya nyumba ilimbana, skrini ilifungwa akalala bila habari. Nilipomwambia vituo hivyo ni vya bure alishangaa. "Mwanangu, si tuliambiwa analogi, ule mfumo wa zamani, ikizimwa ni kulipa tu?"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, maana inawatoa pesa watu wasio nazo. Ukweli ni kwamba dijitali ni njia ya kurusha matangazo, haina uhusiano na malipo. Vituo hivyo vinapatikana bila ada yoyote. Ukinunua king'amuzi cha bure, yaani kile kisicho na ada ya mwezi, unalipa mara moja tu, dukani. Anayelipa kila mwezi anapaswa kuwa analipia vituo vya ziada, kama vya mpira au filamu.

Najua dhana hii ilikotoka. Mitambo ya analogi ya Nairobi ilipozimwa Februari 2015, vituo vikubwa vya kibinafsi vilikuwa vimetoka kortini vikivutana na serikali kuhusu leseni ya kusambaza matangazo. Vilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Watu walikimbilia ving'amuzi vilivyokuwepo, na vingi vilikuwa vya kampuni za kulipia.

Dhana nyingine: "TV ya zamani haifai tena." Inafaa. Angalia nyuma yake: ukiona matundu matatu, la njano la picha, jekundu na jeupe la sauti, chomeka nyaya za king'amuzi na utatazama. Usiitupe TV ya mgongo mkubwa kwa sababu muuzaji kakutisha.

Kinyume chake pia kinawaponza wengi: kudhani TV bapa yoyote ni ya dijitali. Kuna TV nyembamba zenye kipokezi cha analogi pekee, na nyingine, hasa za mitumba kutoka Ulaya, zina DVB-T, toleo la kwanza la mfumo wa kurusha TV ya dijitali. Kenya ilianza na mfumo huo lakini ikahamia toleo la pili, DVB-T2. Kwa hivyo ukiwa Luthuli Avenue, kwenye maduka ya TV jijini Nairobi, kabla hujatoa pesa, soma katoni mwenyewe utafute maandishi DVB-T2. Hiyo 2 ndiyo itakayokuepusha na gharama ya king'amuzi. Likikosekana neno hilo, nunua TV ukijua king'amuzi kitahitajika.

Wauzaji nao husema: "Unahitaji eriali ya dijitali." Hapa nasema bila kusita: usilipe zaidi kwa ajili ya neno hilo. Mawimbi bado ni ya UHF, masafa yaleyale yaliyotumika enzi za analogi, na eriali nzuri ya UHF uliyokuwa nayo inayanasa vilevile. Kinachohesabika ni urefu, mwelekeo na waya usiochubuka.

Na hapa ndipo watu husema "dijitali ni mbovu, picha inaganda." Enzi za analogi mawimbi yakipungua ulipata chenga, na bado uliona nani anacheza na nani. Dijitali haina nusu nusu: picha ni safi hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, kisha inakatika vipande vya mraba, inaganda, inapotea. Mara nyingi tatizo liko juu ya paa lako.

Wapo wanaoamini serikali ilibuni haya yote ili ving'amuzi viuzwe. Sivyo. Makubaliano ya kuhamia dijitali yalifanyika Geneva mwaka 2006 chini ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, na nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zikapewa hadi Juni 17, 2015 kuzima analogi. Masafa yaliyobeba kituo kimoja cha analogi sasa hubeba zaidi ya kumi, na yaliyobaki yakatengewa intaneti ya simu.

Na kutazama vituo hivi vya bure, bando la intaneti halihitajiki, wala TV janja.

Jumamosi iliyopita nilipanda mabati ya shangazi. Eriali ilikuwa imelala, imetazama ukuta wa gorofa la jirani. Niliinua mlingoti, nikaigeuza kidogo kidogo huku yeye akipaza sauti kutoka ndani, "Bado... bado... hapo! Usiguse tena!" Tulitafuta vituo upya kwa king'amuzi cha bure. Saa moja usiku taarifa ya Kiswahili ilipoanza, alikuwa ameshaketi.