Kilomita 42 kwa ajili ya betri

Kadi ya ahadi ninayoizungusha mwaka huu ina mstari mmoja uliowaudhi baadhi ya watu wangu wa karibu. Unasema: "Mchango huu ni wa betri, moldi na nauli ya kurudi kliniki." Moldi ni kile kipande laini cha kifaa cha kusikia kinachoingia sikioni. Wao walitarajia kusoma "Mnunulie mtoto kifaa cha kusikia." Kaka yangu, ambaye hakuna kamati ya harusi ukoo mzima asiyokuwa mweka hazina wake, aliniambia bila kupindisha maneno: betri hazichangishiki, watu wanataka kutoa kitu chenye sura.

Namwelewa. Lakini mimi kazi yangu ni kupima usikivu, na vifaa vingi ninavyovikuta vimezimwa havina ubovu wowote. Vimelala kabatini, au kwenye mkoba wa mama, vimeviringishwa kwenye leso, kwa sababu betri iliisha au moldi imekuwa ndogo. Ndiyo maana nakimbia Kilimanjaro Marathon, ile ndefu yenyewe, kwa ajili ya hivyo visivyo na sura.

Kifaa cha kusikia, au shimesikio kama walimu wengi wanavyokiita, kina maikrofoni, kikuza sauti na spika ndogo. Sauti iliyokuzwa hupita kwenye mrija mwembamba hadi kwenye moldi. Moldi hutengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja tu, tena sikio moja. La kulia haliingii la kushoto. Mtu mzima anaweza kukaa nayo miaka. Mtoto anakua, na sikio linakua naye: mchanga anaweza kuhitaji mpya baada ya wiki chache, wa chekechea baada ya miezi kadhaa. Moldi ikilegea, sauti inavuja, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa tena, inavuja tena, na kifaa kinaanza kupiga mluzi. Darasa zima linageuka. Mwalimu anasema, hebu zima hicho kitu. Mtoto wa miaka saba akishachekwa kwa ajili ya mluzi ule, hakivai tena, hata kingekuwa cha bei gani.

Betri nazo zina kero yake. Kifaa chenye nguvu kinachovaliwa kutwa humaliza betri kwa wiki moja au mbili. Duka la kijijini lina betri za redio na za tochi. Hizi ndogo halina. Mzazi wa Rombo au Same anapaswa kupanda gari hadi mjini kutafuta kitu chenye ukubwa wa kifungo cha shati, na kama wiki hiyo kuna ada ya kulipwa, sote tunajua kipi kitasubiri.

Siku ya kugawa vifaa huwa na shangwe: wageni rasmi, kamera, mtoto anafumbua macho makubwa kwa kusikia sauti ya mama yake, na video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka jioni. Siipingi siku hiyo. Ninachopinga ni kuihesabu kuwa ndiyo kazi yote. Watu hudhani shimesikio ni kama miwani, unavaa na dunia inakuwa safi hapo hapo. Ubongo ambao haujawahi kupokea sauti haujui kutenganisha jina la mtoto na mlio wa sufuria. Unahitaji kufundishwa, kila siku, na mzazi aliyefundishwa namna ya kufundisha, na mtaalamu wa kurekebisha kifaa kadiri mtoto anavyozoea. Hata upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, ambao Muhimbili walianza kuufanya mwaka 2017, upasuaji wake ni mlango tu. Mazoezi ya kusikia na kuzungumza yanayofuata huchukua miaka.

Tena saa haisubiri. Katika taaluma yetu lengo ni kwamba mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Wengi ninaowaona mimi huletwa wakiwa na miaka mitatu au minne, baada ya bibi kusema msimsumbue, hata baba yake alichelewa kusema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na karibu wanane kati ya kila kumi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watoto, asilimia 60 hivi ya uziwi ungeweza kuzuiwa: chanjo ya surua na rubela, kutibu mapema sikio linalotoa usaha, uangalizi mzuri wakati wa kujifungua. Kwa hiyo sehemu ya michango inakwenda huko pia, kwenye kupima masikio shuleni. Hapo napita haraka, maana kila mtu hukubali mara moja kuhusu chanjo na usaha. Ubishi uko kwa watu wazima.

Ukitoka Moshi kwenda Sanya Juu utafika Kibong'oto, hospitali iliyotibu kifua kikuu tangu enzi za mkoloni na ambayo mwaka 2009 ilianza kutibu kile kilicho sugu kwa dawa za kawaida. Tiba ya wakati ule, hapa kwetu kama kwingineko duniani, ilitegemea sindano za dawa kama kanamaisini, zilizochomwa kwa miezi. Zilisaidia kuokoa watu. Lakini dawa za jamii hiyo huua chembe zenye vinyweleo ndani kabisa ya sikio, zikianzia na zile zinazopokea sauti nyembamba. Mgonjwa anaanza kusikia mlio kichwani ambao wengine hawausikii. Kisha ndege wa asubuhi wanatoweka, kisha herufi kama "s" na "f" zinayeyuka katikati ya maneno, na mwisho mazungumzo yenyewe. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini isiwe tena sehemu ya tiba hiyo, na sasa wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge tupu. Habari njema kweli. Ila watu waliopona mapafu na kupoteza masikio kabla ya hapo bado wapo, wanalima, wanauza sokoni, wanaambiwa wana kiburi kwa kutoitika salamu. Mtu wa makamo mwenye jembe begani havutii kwenye bango la mchango. Kwenye orodha yangu yumo.

Kuna ambao hawamo, na si kwa kusahauliwa. Kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama, mwenye kazi yake na familia yake, hahitaji mimi nimkimbilie kilomita yoyote ili "apone". Anachohitaji ni mkalimani hospitalini na mahakamani. Wanachama wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wamelisema hili miaka mingi kabla yangu, na ukichangisha kwa jina la masikio bila kukaa nao utaishia kununua vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Sasa mbio zenyewe. Marathoni hii ipo tangu 2003, hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na hapo inakutana vizuri na Siku ya Usikivu Duniani, tarehe 3 Machi. Inaanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi. Nusu ya kwanza ni tambarare kando ya barabara kuu, inakudanganya kwamba una miguu. Kisha njia inaanza kupanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, jua likiwa limeshaamka. Mazoezi yangu ni ya kawaida ya mtu mwenye ajira, sina siri ya kuuza.

Kitu kimoja cha kitaalamu nitakisema kuhusu pale mwanzo. Spika za muziki kwenye mistari ya kuanzia, pande zote za nchi hii, zimefunguliwa kana kwamba lengo ni kutuchangishia wagonjwa wapya. Sauti ya desibeli 80 inavumilika saa 40 kwa wiki. Kila inapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, umebakiwa na dakika 20 hivi kwa wiki nzima, na wengi wetu hutumia zaidi ya hizo tukipasha misuli mbele ya spika. Simama nyuma. Au vaa vizibo vya sikio, vile vya povu, bei yake haizidi ya soda. Na wewe unayekimbia barabarani masikio yamezibwa na spika za masikioni, bodaboda haitakungoja umalize wimbo.

Mkimbiaji kiziwi mwenzetu wa kundini hahitaji mlio wa kuanzia. Anatazama mkono wa mwenzake wa mbele. Kwenye Deaflympics, michezo ya viziwi iliyoanza Paris mwaka 1924, shimesikio huvuliwa kabla ya kushindana na mbio za uwanjani huanzishwa kwa taa. Wakenya wamerudi na medali nyingi za mbio ndefu kutoka huko, kwa hiyo anayedhani kiziwi anakimbia kwa kuhurumiwa ajaribu kumfuata wetu pale Mweka.

Kuhusu namna ya kuchangisha, nimeazima utaratibu wa kaka yangu mzima mzima: kadi, tarehe ya mwisho ya ahadi, mweka hazina ambaye si mimi, na hesabu inayowekwa kundini kila Ijumaa. Gharama zangu za kujiandikisha, viatu na malazi nalipa mwenyewe. Picha za watoto sitoi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, mtoto huyo ataingia sekondari na simu za wenzake zitakuwa na video yake akilia kwenye kiti cha kliniki.

Wengine wameniuliza kama wanaweza kuleta betri badala ya fedha. Ndiyo, ila angalieni rangi ya stika. Buluu ni namba 675, ya vifaa vyenye nguvu, na ndiyo tunayoihitaji zaidi. Chungwa ni 13, inatufaa pia. Kahawia, 312, na njano, 10, leteni chache tu. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi nyuma ya pakiti. Na tafadhali usibandue stika kuona kama inafanya kazi: betri hizi zinaendeshwa na hewa, ukibandua imeshaanza kujimaliza, na kuirudishia stika hakuizuii.